Utando Unaonasa Vijidudu vya Hewani

Asubuhi, jua likishapanda kidogo, mtu aliye ndani ya nyumba ya mabati huweza kuona miale myembamba ikipenya katika matundu ya misumari na kufika hata sakafuni. Ndani ya kila mwale huonekana vumbi likielea, likipanda na kushuka, wala halitulii hata kama milango yote imefungwa. Watoto hupenda kulikamata kwa mikono, wakifungua vidole wasione kitu. Vumbi hilo halikuletwa na mwale. Lilikuwamo nyumbani humo usiku kucha, na limo pia katika pembe zisizopigwa na jua, ila jicho haliwezi kuliona mpaka nuru iliangaze kutoka upande.

Mtu mzima huvuta hewa ya kiasi cha lita 10,000 au zaidi kwa siku moja. Pamoja na hewa hiyo huingia chembe za udongo, masizi ya moshi, unga wa maua, mbegu ndogo mno za ukungu wa aina ile iotayo juu ya mkate uliolala, na vijidudu vya namna nyingi. Vingi katika vijidudu hivyo havimdhuru mtu. Lakini vimo vichache viletavyo maradhi, na kimojawapo ni kijidudu cha kifua kikuu. Swali ambalo wataalamu wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 160 ni hili: kitu kisichoonekana, kinachoelea katika hewa isiyoshikika, kitakamatwaje ili kifikishwe maabarani na kujulikana jina lake?

Jibu lake ni rahisi kulitaja. Hewa ivutwe ipite katika utando, nao utando uiruhusu hewa na kukizuia kilichomo. Mwanamke achujaye tui la nazi kwa kitambaa hufanya jambo lilo hilo. Ugumu wa kazi hauko katika kunasa tu, bali uko katika yale yafuatayo, kwa maana kitu kilichonaswa lazima kitoke tena bila kuharibika, la sivyo hakina faida. Vumbi likinaswa katika pamba ya kawaida hujificha kati ya nyuzi, na mtu akitazama kwa darubini ya kukuzia vitu haoni ila pamba.

PAMBA YA BARUTI

Aliyeishinda taabu hiyo alikuwa Louis Pasteur, bingwa wa Kifaransa, katika mwaka wa 1860 na 1861 mjini Paris. Siku zile walikuwako watu wenye elimu kubwa, na mmoja wao ni Félix Pouchet wa mji wa Rouen, walioamini kwamba vijidudu huzaliwa vyenyewe ndani ya vitu vinavyooza, kama watu wa Ulaya ya zamani walivyodhani kwamba funza huzaliwa na nyama. Pasteur alikataa. Alisema kwamba vijidudu hutoka hewani na kuangukia katika vyakula. Lakini kusema tu hakukutosha, ilimpasa kuvionyesha.

Basi alitwaa mrija wa kioo, akatia ndani yake kizibo kidogo cha pamba, akautokeza mrija dirishani, na kwa upande wa ndani akaufunga katika chombo kinachovuta hewa kwa nguvu ya maji yatiririkayo. Hewa ya nje ikapita katika pamba kwa muda mrefu mpaka pamba ikachafuka. Sasa, pamba hiyo haikuwa pamba ya kawaida ya shambani. Ilikuwa imekwisha chovywa katika asidi kali ikageuka kuwa pamba ya baruti, ambayo hulipuka ipatapo moto. Mafundi wa silaha walikuwa wakiijaribu mahali pa baruti nyeusi. Pasteur hakuitaka kwa ajili ya mlipuko. Aliitaka kwa sababu ina tabia nyingine ambayo pamba ya shambani haina, yaani huyeyuka katika mchanganyiko wa spiriti na etha, kama sukari iyeyukavyo katika chai. Pamba ikatoweka yote, na vumbi likabaki peke yake chini ya chombo. Akaliosha, akaliweka chini ya darubini, akaona miongoni mwa chembe za udongo na uchafu mwingine viumbe vidogo vya mviringo visivyo na tofauti na mbegu za ukungu.

Baadaye alitaka kujua kama hewa ya kila mahali ni sawa. Alichukua chupa 60 zenye maji ya chakula yaliyochemshwa na kuzibwa, akafungua 20 mashambani chini ya milima ya Jura, 20 katika mlima mmoja wa huko wenye kimo cha meta 850, na 20 karibu na mto wa barafu uitwao Mer de Glace, penye kimo cha meta 2,000 hivi. Kisha zote zikazibwa tena. Za mashambani zilizoota vijidudu zilikuwa 8, za mlima wa kwanza 5, na za barafuni 1 tu. Msomaji asifikiri kwamba ni kimo peke yake kilicholeta tofauti hiyo, kwa sababu mji wa Nanyuki nao uko katika kimo kinachokaribia hicho cha barafuni, na mkate wa Nanyuki huota ukungu kama mkate wa mahali pengine. Kule barafuni hapakuwa na mashamba, wala majani mengi, wala mifugo, wala watu.

NGOZI YA UJI

Pamba ya baruti iliyoyeyushwa haikuishia hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bingwa Richard Zsigmondy wa chuo kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, pamoja na mwenzake Wilhelm Bachmann, aligundua jinsi ya kuitandaza iwe utando mwembamba kama karatasi. Dawa hiyo humwagwa juu ya kioo, na maji yake huachwa yakauke polepole. Kinachobaki ni kama ile ngozi inayojifanya juu ya uji unapopoa, ila ngozi hii imejaa vitundu visivyohesabika, navyo vyaweza kufanywa vikubwa au vidogo kwa kadiri fundi atakavyo. Zsigmondy alipewa Nishani ya Nobel ya mwaka wa 1925 kwa kazi zake za kemia, na mwaka wa 1927 kikaanzishwa kiwanda cha tando hizo mjini Göttingen.

Kwanza zilitumiwa zaidi kwa maji kuliko kwa hewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani walizitumia kupima maji ya kunywa. Maji yalimiminwa juu ya utando, kisha utando ukalazwa juu ya chakula cha vijidudu na kutiwa mahali penye joto. Kila kijidudu kilichonaswa kikazaana mpaka kikafanya doa lionekanalo kwa macho, na mpimaji akahesabu madoa. Baada ya vita ujuzi huo ulifika Marekani na nchi nyingine, na watu wakaanza kupitisha hewa katika tando hizo kwa pampu.

Hapo ndipo tatizo lilipotokea. Kijidudu kilichochujwa kutoka majini hukaa katika unyevu. Lakini kijidudu cha hewani kikisha kunaswa juu ya utando mkavu, huendelea kupigwa na upepo wa pampu, pengine lita 50 kwa kila dakika, na kwa muda mfupi tu hukauka na kufa. Mpimaji angeweza kupeleka maabarani utando uliojaa mizoga, usiote hata doa moja, akadhani kwamba hewa ile ilikuwa safi. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko kutopima kabisa.

Dawa yake ilionekana katika kitu ambacho kila mpishi amekiona. Miguu ya ng'ombe ikichemshwa kwa muda mrefu, mchuzi wake hushikana ukipoa hata ukatikisika katika bakuli. Kinachoushikamanisha ni jelatini, ambayo viwandani hupatikana kutokana na ngozi na mifupa. Utando uliofanywa kwa jelatini huhifadhi unyevu kidogo, kwa hiyo vijidudu huishi zaidi juu yake. Tena ukilazwa juu ya chakula cha vijidudu huyeyuka na kuwaacha wafungwa wake mahali pao, na ukitiwa katika maji ya vuguvugu hutoweka, kama pamba ya Pasteur ilivyotoweka. Hata hivyo una udhaifu wake. Mahali penye unyevu mwingi hulegea, na pampu ikiendeshwa kwa muda mrefu mno utando hukauka vilevile.

MATUNDU MAKUBWA KULIKO WINDO

Huenda msomaji akashangaa akiambiwa kwamba vitundu vya utando wa jelatini vina upana wa kiasi cha sehemu 3 za elfu za milimita moja, hali kijidudu cha kifua kikuu hakifiki hata nusu ya sehemu moja ya elfu kwa unene. Inakuwaje basi kisipite? Samaki mdogo namna hiyo angetoka wavuni mara moja.

Mfano wa wavu haufai hapa. Mfano ufaao ni utando wa buibui ulio juu ya meko. Matundu yake ni makubwa kuliko masizi mara nyingi sana, lakini baada ya mwezi mmoja ni mweusi. Masizi hayakuzuiwa na matundu. Yaligusa nyuzi yakanata. Ndani ya utando wa maabara njia za hewa si nyofu, bali zinapinda na kupinduka kati ya nyuzi nyingi. Chembe kubwa, kama lori lililoshehena linaloingia kona kwa kasi, hushindwa kupinda pamoja na hewa, hivyo hugonga ukuta na kukwama. Zile ndogo kabisa husukumwasukumwa na hewa yenyewe huku na huku kama mlevi, na mwishowe nazo hugusa ukuta. Zilizo ngumu kunasa ni za kadiri ya kati, kama sehemu 3 za elfu kumi za milimita, ambazo ni nyepesi kiasi cha kufuata kona na nzito kiasi cha kutoyumba sana. Kwa sababu hiyo mafundi wa tando huzijaribu kwa chembe za kadiri hiyo, si kwa zile ndogo kuliko zote.

Jambo jingine linalostahili kutajwa ni utando mtupu. Mpimaji mwaminifu huchukua tando mbili. Mmoja huwekwa katika pampu. Wa pili husafiri katika sanduku lilo hilo, hufunguliwa na kufungwa na mikono ile ile, lakini haupitishwi hewa. Wote wawili hupimwa. Ikiwa utando mtupu nao una vijidudu, basi vilitoka katika vidole au sanduku, na matokeo yote ya siku ile hutupwa.

WODI YA BALTIMORE

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Dakta Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Lakini kujua kijidudu si kujua njia yake. Kwa miaka mingi waganga wengi walidhani kwamba ugonjwa huu huenezwa hasa kwa mate yaliyotemwa sakafuni, vikombe na matandiko. Mwaka wa 1934 bingwa wa Kimarekani, William Wells, alieleza kwamba vitone vidogo vitokavyo kinywani mwa mtu hukauka kabla ya kufika chini, na kinachobaki ni kiini chepesi kiwezacho kuelea chumbani kwa muda wa saa nyingi. Alifikiri kwamba kifua kikuu husafiri ndani ya viini hivyo. Wengi hawakumwamini.

Kulithibitisha jambo hilo kwa utando kulikuwa kugumu. Kijidudu cha kifua kikuu hukua polepole mno. Huhitaji saa 20 hivi kugawanyika mara moja, na majuma kadhaa kufanya doa lionekanalo, hali vijidudu vingine hugawanyika kila nusu saa. Utando uliopitisha hewa ya wodi ukiwekwa juu ya chakula, ukungu na vijidudu vya kawaida hukila chote kabla yule anayetafutwa hajaanza, kama magugu yasongavyo mche wa kahawa.

Kwa hiyo Wells na mwenzake, Dakta Richard Riley, walitumia chujio lenye uhai. Katika hospitali moja ya askari wa zamani mjini Baltimore, tangu mwaka wa 1956, hewa iliyotoka katika vyumba sita vya wagonjwa wa kifua kikuu iliongozwa kwa bomba mpaka chumba cha juu chenye simbilisi, yaani wale wanyama wadogo wafananao na panya wasio na mkia, ambao huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi sana. Wanyama hao hawakumgusa mgonjwa wala chombo chake; walishirikiana naye hewa tu. Katika miaka miwili ya kwanza simbilisi 71 waliambukizwa. Kikundi kingine, kilichovuta hewa iliyopitishwa kwanza mbele ya taa za miali mikali, hakikupata ugonjwa. Bishano likaisha.

Lakini hesabu za Riley zilionyesha pia kwa nini tando zilikuwa zikishindwa. Kwa wastani, chembe moja yenye kuambukiza ilipatikana katika futi za ujazo 11,000 au zaidi za hewa ya wodi ile. Pampu ivutayo lita 50 kwa dakika ingelazimika kufanya kazi usiku na mchana kwa siku nne na zaidi ili inase moja. Tena ilionekana kwamba maambukizo mengi yalitokana na wagonjwa wachache tu, na wengine karibu hawakuambukiza.

UTANDO NDANI YA BARAKOA

Ikiwa kitu ni haba chumbani, yafaa kukitafuta mlangoni kinapotokea. Wataalamu wa chuo kikuu cha Leicester huko Uingereza, wakiongozwa na Profesa Michael Barer, waliweka utando wa jelatini ndani ya barakoa. Mgonjwa huivaa, hupumua, huzungumza na kukohoa kama desturi yake, na pumzi yake hupiga utando kabla haijachanganyika na hewa ya chumba. Baadaye utando huyeyushwa. Badala ya kungoja vijidudu viote, maabara hutafuta chembe za urithi za kijidudu cha kifua kikuu na kuzizidisha kwa mashine mpaka zionekane, kazi ya saa chache tu. Magugu hayawezi kuizuia njia hiyo, kwa sababu mashine hutafuta chembe za aina moja tu. Habari za kwanza za barakoa hizo zilitolewa mwaka wa 2014, na baadaye jelatini ilibadilishwa kwa vipande vya plastiki inayoyeyuka majini.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2020 yalitoka Pretoria, Afrika Kusini. Wagonjwa 24 walivaa barakoa kwa saa moja, mara nane katika muda wa siku moja na usiku wake. Katika barakoa 192, zilizoonyesha kijidudu zilikuwa 86 katika kila 100. Makohozi ya wagonjwa hao hao yalikionyesha mara 21 tu katika kila 100. Zaidi ya hayo, wingi wa vijidudu katika barakoa haukulingana na mara ngapi mtu alikohoa, wala na ubaya wa picha ya kifua chake. Mtu aliyekohoa kidogo aliweza kutoa vingi, na mwenye kukohoa usiku kucha akatoa vichache. Tena baadhi ya watu ambao makohozi yao hayakuonyesha kitu walionekana na kijidudu katika barakoa, na baadaye ugonjwa wao ukathibitika.

Habari hiyo ina uzito hapa Kenya. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016, ilionekana kwamba kiasi cha watu 40 katika kila 100 wenye kifua kikuu walikuwa hawajagunduliwa, na wengi miongoni mwa wagonjwa waliopatikana hawakuwa na kile kikohozi cha majuma mawili ambacho watu wamezoea kukihesabu kuwa ndiyo dalili. Watu hao walikuwa wakienda kazini, wakipanda magari ya abiria na kulala chumba kimoja na watoto wao. Mtoto mdogo, kwa upande wake, ni mgumu kupimwa kwa sababu hajui kutoa makohozi, huyameza. Lakini kila mtoto hupumua.

Barakoa yenye utando haijachukua mahali pa kipimo cha makohozi. Mashine inayotafuta chembe za urithi haiwezi kusema kama kijidudu kilichonaswa ni hai au ni mzoga, na mgonjwa aliyekwisha anza dawa huweza kutoa mizoga kwa muda. Mate yakiangukia utando huweza kupotosha hesabu. Kwa hiyo mtu afikaye katika hospitali ya serikali, mwenye kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda kusiko na sababu, hupewa kichupa cha makohozi, na pengine hupigwa picha ya kifua. Kipimo na dawa za kifua kikuu katika hospitali hizo hutolewa bila malipo. Nyumbani kwake huagizwa kufungua madirisha mchana kutwa, maana hewa inayobadilishwa upesi haiachi viini vya Wells kukusanyika, na hiyo ni kazi ambayo haihitaji pampu wala utando.